Manga za Kutisha: Usiziburuze kwa Kidole, Funua Ukurasa

Karibuni tena, ndugu zangu mnaopenda hadithi za kutisha. Leo nina manga mezani, yaani vitabu vya hadithi za michoro vya Kijapani, na hii niliyoishika, ngoja niisogeze muione vizuri, ni Uzumaki ya mchoraji Junji Ito. Jalada gumu, juzuu tatu zimeunganishwa kuwa kitabu kimoja, zaidi ya kurasa 600.

Kabla sijaisifu, niwaambie nilivyoidhulumu. Mara ya kwanza niliisoma kwenye simu, naipandisha kwa kidole, kurasa zinafuatana kama utepe mrefu. Nikaimaliza nikajiuliza, watu wanaogopa nini humu? Michoro mizuri, lakini nililala usingizi wangu vizuri tu. Nilipokuja kukishika kitabu chenyewe ndipo nikaelewa kwamba Ito anakutisha kwa kutumia mkono wako mwenyewe.

Tazameni hapa. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mliopita madrasa hamtapata tabu, inafunguka kama msahafu. Sasa angalieni fremu ya mwisho, huku chini kushoto. Binti katoa macho, anatazama kitu ambacho wewe hujaonyeshwa. Ukitaka kukiona, lazima ufunue. Unajua kabisa nyuma ya hiyo karatasi kuna jambo baya, na bado kidole kinakwenda. Unafunua, na lile jambo limejaa ukurasa mzima. Kwenye simu linaanza kuchungulia chini ya kioo, linapanda kidogo kidogo, na mpaka lionekane lote limeshapoa. Kama huna kitabu, basi nenda kwenye mipangilio, chagua kusoma ukurasa mmoja mmoja. Nawasihi kwa hilo.

Hadithi yenyewe ilitoka kwenye jarida la Kijapani kati ya 1998 na 1999. Kuna mji mdogo unaitwa Kurouzu, na mji huo umelaaniwa. Aliyeulaani si jini wala mzimu. Ni umbo. Ule msokoto unaojizungushia ndani kama nyumba ya konokono, basi. Baba mmoja anaanza kukusanya kila chenye msokoto, anakaa anautazama kutwa, haendi kazini. Mwisho wake sitausema. Ila mkewe, baada ya msiba, anauogopa msokoto kiasi kwamba hawezi kuuona hata mwilini mwake. Sasa jiulize, mwilini msokoto uko wapi? Angalia ncha za vidole vyako. Na ukimaliza vidole, kumbuka kuna msokoto mmoja ndani ya sikio, huwezi kuufikia. Niliposoma sura hiyo nilikaa najishika sikio kwa muda.

Ito kabla ya kuishi kwa kuchora alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mimi naiona kazi ile kwenye mistari yake: uvumilivu wa mtu aliyezoea kuchonga kitu kidogo mpaka kikae sawasawa. Uso mzuri, nywele zimechorwa unywele kwa unywele, halafu ndani ya usafi huo anaweka uozo. Anime ya Uzumaki, yaani filamu yake ya katuni, ya 2024, sehemu 4 za rangi nyeusi na nyeupe, ilianza vizuri sana ile sehemu ya kwanza, kisha uchoraji ukashuka. Someni kitabu.

Kama mnapenda visa vifupi, chukueni Tomie, kazi iliyomtambulisha mwaka 1987: msichana anauawa, anakatwakatwa, na kila kipande kinaota kuwa yeye tena. Visa vingine vinajirudia, sitaficha, lakini vile vya mwanzo vina baridi yake.

Sasa mzee wao wote, Kazuo Umezu, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 88. Manga yake The Drifting Classroom ni ya 1972 hadi 1974. Mtoto anaitwa Sho, anagombana na mama yake asubuhi, anatoka kwa hasira kwenda shule. Siku hiyo hiyo shule nzima inatoweka, wanafunzi na walimu, na inaibukia kwenye jangwa lisilo na kitu. Chakula kiko jikoni, na mtu mzima mmoja anakishikilia peke yake. Walimu ndio wanaovunjika kwanza, watoto wanabaki kujiongoza. Kinachoniuma mimi humu ni yule mama. Shule imerukia wakati mwingine, yeye amebaki upande huu, anasikia sauti ya mwanawe, na anahangaika kumfikishia msaada huku kila mtu anamwona amerukwa na akili. Watoto wanapiga kelele karibu kila ukurasa, na hilo litawachosha baadhi yenu. Vumilieni.

PTSD Radio ya Masaaki Nakayama niitaje haraka: sura fupi fupi, nyingine kurasa chache tu, nywele kila mahali. Msisubiri maelezo, haielezi.

Na hii ya mwisho naitoa kwa tahadhari. Blood on the Tracks ya Shuzo Oshimi, juzuu 17, ilianza 2017 ikamalizika 2023. Haina mzimu hata mmoja. Kuna mama, kuna mwanawe wa kiume, na mama anampenda mno. Familia inakwenda kutembea mlimani, pale juu mama anafanya jambo, na mtoto ndiye shahidi pekee. Kuanzia hapo ulimi wake unakuwa mzito, anapata kigugumizi, na michoro nayo inaanza kuyumba na kufifia kadiri akili yake inavyochoka. Maneno ni machache, juzuu moja unaimaliza kwa muda mfupi, na kurasa nyingi ni uso wa mama tu, anatabasamu, karibu sana.

Kama ulilelewa na mzazi uliyekuwa ukisoma uso wake kila akiingia mlangoni, kujua leo itakuwaje, manga hii itakugusa pabaya. Isome mchana, nyumbani kukiwa na watu, na pumzi ikianza kukubana funga juzuu, weka mbali. Mimi niliiacha kwenye juzuu ya 3 kwa miezi kadhaa kabla sijarudi.