Dawa ya kugeuza kutu: kwa chesisi iliyooza haifui dafu

Nimeitumia hii dawa, ile ya majimaji yenye asidi ya fosforiki, kwenye chesisi (fremu ya chuma ya chini inayobeba gari) ya pikapu yangu ya zamani. Kwa kutu ya juu juu iko poa sana aisee, unasugua na brashi ya waya, unapaka, kutu inakuwa nyeusi nyeusi, unaweka praima na rangi basi. Ila mimi kwa uvivu wangu nikapaka mpaka pale springi inapofungwa, miezi minne mbele nagonga na nyundo ikaingia ndani kama biskuti! Kumbe chesisi ya boksi, yaani yenye uwazi ndani, inaoza kuanzia ndani, na vitobo vyangu vya kutolea maji vilishaziba tope zamani. Hapo dawa haisaidii kitu, ni kukata mpaka ufike chuma kizima, kuchomelea kipande chenye unene uleule (toa waya wa betri kwanza jamani) halafu kupuliza nta ndani. Na fundi akisema atabandika bati juu ya kutu, kimbia. Nyota 3, iliyobaki kwenye chupa napaka geti.