Taa ya kazi ya nyuma ya pikapu: ipi inunuliwe kwanza

Taa ya rivasi ya kiwandani, mara nyingi balbu ya wati 21, inatosha kuwajulisha walio nyuma kwamba unarudi. Lakini usiku penye giza totoro, kisiki au shimo hulioni mpaka tairi ligonge. Ndiyo maana watu huongeza taa. Wengi hukimbilia mwanga mkali na kusahau waya, na hapo ndipo pesa hupotea.

Nafasi ya kwanza naipa LED ya mwanga mpana, wati 18 hadi 30, iliyonunuliwa pamoja na rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), fyuzi na swichi. Kwenye volti 12, LED ya wati 18 inavuta ampea 1.5 tu. Usichukue ya mwanga mwembamba: hiyo hupiga mbali na kuacha giza pembeni, ilhali unaporudi nyuma hatari iko mita chache tu kutoka kwenye bampa. Tafuta alama ya IP67, maana yake vumbi haliingii, na taa inastahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee sana. Uliza inavuta ampea ngapi, zidisha kwa volti, utapata wati zake za kweli.

Kwenye rilei, pini yenye namba 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ili waya ukichunika njiani usiwake moto. Pini namba 87 huenda kwenye taa, 85 kwenye ethi (chuma cha bodi, upande hasi wa betri), na 86 hupokea umeme wa kuiamsha rilei. Hiyo 86 ndiyo yenye mtego. Ukiunganisha hapo waya wa rivasi na waya wa swichi kwa pamoja, siku utakayowasha swichi gari likiwa limesimama, umeme utarudi kinyume na kuwasha taa za rivasi pia. Dawa yake ni swichi ya hatua tatu: katikati imezimwa, upande mmoja inafuata gia ya rivasi, upande wa pili inawaka muda wote unapopakia mzigo. Pini yake ya pamoja ndiyo iende 86. Chagua yenye kitaa cha kukukumbusha, kwa sababu kuendesha kwenda mbele huku mwanga mweupe ukiwapiga usoni walio nyuma ni hatari, na nchi nyingi zinakataza.

Ya pili ni LED ndogo, chini ya wati 10, iliyounganishwa moja kwa moja kwenye waya wa taa ya rivasi. Ni rahisi na inafungwa haraka. Ila huwezi kuiwasha bila kuweka gia, na gari lenye kompyuta inayopima balbu linaweza kuonyesha onyo kwenye dashibodi.

Halojeni ya wati 55 naiweka ya tatu. Inavuta zaidi ya ampea 4.5, kioo chake huunguza mkono, na mtetemo wa barabara mbovu hukata waya wake wa ndani. Tena inadai waya mnene. Ukitumia waya wa milimita za mraba 0.75 kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza takriban volti 1, na mwanga wa halojeni hushuka sana hata kwa upungufu huo mdogo. Kwa waya wa 2.5, upotevu ni kama volti 0.3.

Taa ya sumaku ya kuchaji inafaa kubadilishia tairi. Kwa kurudi nyuma haifai, kwa kuwa haijui umeweka gia gani.

Yoyote utakayochagua, usitoboe bodi kwanza. Mpe mtu aishike juu ya bampa usiku, ukae kwenye usukani, uangalie vioo vyote vitatu. Ikikupiga machoni, ielekeze chini zaidi, kisha ndipo utoboe. Mahali pa kufunga ethi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae.