Vipodozi vya Kifahari: Kipi Kinastahili Bei Yake na Kipi Hakistahili

Anayenunua maskara ya Lancôme na anayenunua ya Maybelline, pesa ya wote wawili inaishia kwa L'Oréal. Anayepaka krimu ya La Mer na anayetumia seramu ya The Ordinary, wote ni wateja wa Estée Lauder. Kwa hiyo bei kubwa peke yake haithibitishi kwamba bidhaa imetoka kwa wataalamu bora zaidi. Cha kuuliza ni pesa ya ziada imeingia wapi: kwenye malighafi na ufundi, au kwenye chupa, boksi na matangazo? Jibu hubadilika kutoka aina moja ya kipodozi hadi nyingine, ndiyo maana tumepanga kwa aina badala ya chapa, tukianza na kile ambacho fedha yako inafanya kazi zaidi.

Kabla ya chochote, hesabu bei kwa matumizi. Chupa ya manukato ya ml 50 hutoa mipulizo kama 500, kwa sababu mpulizo mmoja ni karibu ml 0.1. Ukijipulizia mara nne kila unapotoka, hiyo ni mitoko 125. Losheni ya kukinga jua ya ml 50, ikipakwa usoni na shingoni kwa kipimo sahihi mara moja kwa siku, haifiki miezi miwili. Chupa mbili za bei ileile zinaweza kuwa na gharama tofauti kabisa.

1. Manukato

Hapa ndipo malighafi zenyewe zinaweza kuwa ghali. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani kadhaa za petali. Mzizi wa ua la airisi hukaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka, aghalabu mitatu, kabla harufu yake haijakomaa. Kuna manukato ya bei kubwa yasiyo na hata tone la vitu hivyo, na hilo si kosa: molekuli nyingi za maabara hunukia vizuri na hudumu kuliko mafuta ya asili. Unacholipia hasa ni utunzi, yaani jinsi harufu inavyobadilika saa baada ya saa bila kuvunjika.

Kosa linalopoteza pesa nyingi zaidi ni kununua kwa dakika tano za kwanza. Harufu za limau, chungwa na vitu vyepesi hupotea ndani ya dakika 15 hadi 30, na utakayoishi nayo ni ile inayobaki. Nusa kwanza kwenye karatasi, kisha chagua mbili tu, moja kila kifundo cha mkono. Usisugue. Nusa tena baada ya dakika 15, baada ya saa moja, na baada ya saa nne. Kama bado unaipenda, nunua kwanza kichupa cha ml 2 au 10 uivae wiki nzima.

Kwa kawaida, parfum huwa na asilimia 20 hadi 30 ya mafuta ya harufu, eau de parfum 15 hadi 20, na eau de toilette 5 hadi 15. Hayo ni mazoea ya biashara tu, na nyumba mbili za manukato zinaweza kutofautiana, basi usilipe zaidi kwa sababu ya jina lililo chupani bila kunusa. Usiseme haraka pia kwamba harufu haidumu: pua huzoea, nawe huacha kuisikia wakati aliye karibu nawe bado anaisikia. Muulize kabla ya kuongeza. Ngozi kavu hupoteza harufu haraka. Paka losheni isiyo na harufu kwanza. Chupa usiiweke bafuni wala dirishani, kwani joto na mwanga ndivyo vinavyoiharibu.

2. Faundesheni na konsila

Ukipata rangi yako kamili kwenye chapa ya bei nafuu, ichukue na ufunge mjadala. Shida ni kwamba wengi hawaipati. Faundesheni huchanganywa kwa oksidi za chuma, yaani nyekundu, ya njano na nyeusi, pamoja na titani dioksidi, ambayo ni nyeupe. Mtengenezaji mvivu hufanya rangi za ngozi nyeusi kwa kuongeza nyeusi tu kwenye mchanganyiko uliolenga ngozi nyeupe, na matokeo yake ni uso wenye jivu. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, chapa nyingine zililazimika kupanua orodha zao, na leo chaguo ni pana zaidi katika kila ngazi ya bei. Hata hivyo, kwenye weusi uliokolea na kwenye ngozi yenye mwelekeo wa zeituni au wekundu, chapa za juu bado mara nyingi ndizo zenye kazi ya makini zaidi. Pesa hiyo ni halali.

Namna ya kujaribu: chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka tayani kushuka shingoni. Usijaribu mkononi, maana rangi ya mkono si ya uso. Subiri dakika 20, kisha jitazame karibu na dirisha kwa mwanga wa mchana. Taa za dukani hudanganya. Kusubiri kuna sababu: faundesheni nyingi hukolea zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa, na iliyokuwa sawa saa tatu asubuhi huwa nyeusi kupita kiasi adhuhuri. Mstari unaopotea ndio wako.

Ikijikunja usoni kama uchafu wa kifutio, mara nyingi umepaka tabaka juu ya tabaka lisilopatana nalo, kwa mfano faundesheni ya maji juu ya praima (krimu ya kuandalia uso) ya silikoni, au hukuipa losheni ya chini muda wa kukauka. Subiri dakika tano, kisha gonga badala ya kusugua. Chupa ya bei kubwa haitatibu hilo.

3. Brashi

Tofauti na kila kitu kingine hapa, brashi haimaliziki kwa kutumiwa. Brashi nzuri ya poda iliyotunzwa hudumu miaka mingi, na ndiyo inayofanya poda ya kawaida ionekane ya kifahari. Kinyume chake hakiwezekani. Mji wa Kumano, katika mkoa wa Hiroshima nchini Japani, unasifika kwa kazi hii. Mafundi wake hupanga manyoya, mengi yakiwa ya mbuzi, ili ncha za asili zibaki bila kukatwa. Ncha iliyokatwa kwa mkasi ndiyo inayokwaruza.

Nunua ghali brashi tatu tu: ya poda, ya rangi ya mashavu, na ndogo ya kusawazisha rangi kwenye kope. Kwa faundesheni ya maji na konsila (ya kuficha madoa), nyuzi za sanisi za bei nafuu zinafaa zaidi, kwani hazinyonyi bidhaa. Dukani, ibonyeze brashi kiganjani: inapaswa kurudi umbo lake na isichome. Vuta manyoya kidogo. Yakitoka zaidi ya mawili matatu, iache.

Brashi nyingi hufa kwa kuoshwa vibaya. Elekeza manyoya chini, tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini, kamua kwa taulo, kisha ilaze brashi ukingoni mwa meza manyoya yakining'inia nje. Ukiisimamisha ikiwa mbichi, maji huteremka kwenye shingo ya chuma, gundi hulegea, na manyoya huanza kutoka.

4. Seramu ya vitamini C

Hii ndiyo bidhaa pekee ya ngozi tunayoiweka juu hivi, na sababu ni ugumu wa kuitengeneza. Asidi ya askobiki, yaani vitamini C halisi, hupenya ngozi vizuri ikiwa asilimia 10 hadi 20 na pH (kipimo cha uchachu) chini ya 3.5, lakini huharibiwa na hewa, mwanga na joto. Utafiti ulioongozwa na Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani ulionyesha kwamba asilimia 15 ya vitamini C, asilimia 1 ya vitamini E na asilimia 0.5 ya asidi ya feruliki hukaa imara zaidi na hukinga ngozi zaidi zikiwa pamoja kuliko kila moja peke yake. Ndiyo fomula iliyoipa chapa ya SkinCeuticals umaarufu. Sasa ziko seramu za bei ya kati zenye tarakimu zilezile, na huko ndiko tungekuelekeza kwanza.

Angalia chupa iwe ya kioo cheusi au pampu isiyoingiza hewa. Rangi ya majani makavu ni sawa. Ikifika rangi ya chungwa iliyokolea au kahawia, imekwisha, hata kama tarehe inasema bado. Ukishafungua, panga kuimaliza ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo ml 15 mara nyingi ni ununuzi wa busara kuliko ml 30. Matone manne hadi matano asubuhi, kwenye ngozi kavu, kisha kinga ya jua.

5. Losheni ya kukinga jua

Ya bei kubwa mara nyingi ni nyepesi zaidi, haichomi macho, na haiachi weupe. Kwa ngozi nyeusi hilo si anasa, ni tofauti kati ya kuipaka na kuiacha kabatini. Lakini kiwango cha SPF, yaani namba ya kinga dhidi ya miale inayounguza, hupimwa kwa mg 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na kwa uso na shingo hiyo ni takriban mistari miwili iliyojaa ya losheni, kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu, kinga hushuka sana. Basi kanuni yetu ni hii: kama bei inakufanya uibanie, nunua ya bei nafuu. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza na SPF 50 karibu asilimia 98. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba kubwa kupita hapo. Kwa kinga ya miale ya UVA, ile inayopenya ndani zaidi ya ngozi, tafuta alama ya UVA ndani ya duara, au PA++++ kwa bidhaa za Asia. Mwenye mabaka meusi atafute yenye rangi, kwa sababu oksidi za chuma huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao huyakoza mabaka.

6. Retinoli

Hii ni aina ya vitamini A ya kupunguza mikunjo. Lipa bei ya kati. Kinachojalisha ni kifungashio kisichopitisha mwanga na asilimia iliyoandikwa wazi. Anza na asilimia 0.1 hadi 0.3, usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere. Tretinoini, dawa ya jamii hiyohiyo inayoandikwa na daktari, ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi, na mwenye mimba asitumie yoyote katika kundi hili.

7. Rangi ya midomo na maskara

Rangi ya midomo ya kawaida ina gramu 3.5 hivi, hivyo kwa uzito ni miongoni mwa vitu ghali kabisa mezani. Nunua moja ya kifahari kwa rangi unayovaa kila siku, ukitaka. Maskara usiinunue ghali: hutakiwa kutupwa baada ya miezi mitatu hadi sita, kwani brashi huingiza hewa na vijidudu kila inaporudi ndani.

8. Krimu za uso na za macho

Hapa ndipo tunapoona fedha nyingi zikipotea. Kazi ya kulainisha ngozi hufanywa na glisarini, mafuta ya mgando, dimethikoni na seramaidi, vitu visivyo ghali. Hata orodha ya viambato vya krimu maarufu ya La Mer, pamoja na mwani wake, ina mafuta ya madini, mafuta ya mgando na glisarini. Dhahabu na kaviari hupamba kifuniko.

Jifunze kusoma lebo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, hadi kufikia asilimia 1; chini ya hapo mtengenezaji hupanga apendavyo. Kihifadhi kinachoandikwa phenoxyethanol hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 barani Ulaya. Ukiona kiambato kinachosifiwa kwenye boksi kimekuja baada ya jina hilo, huenda kimo kwa chembe tu. Krimu ya macho, nayo, mara nyingi ni krimu ya uso ndani ya kikopo cha ml 15. Linganisha orodha mbili za chapa ileile uone.

9. Sabuni ya uso na tona

Sabuni hukaa usoni dakika moja kisha huteremka na maji. Nunua isiyokausha ngozi, basi. Tona nyingi ni maji na glisarini.

Ukishaamua

Bidhaa feki hufuata bidhaa ghali. Zimewahi kukutwa na metali zenye sumu, yaani madini ya risasi na zebaki, na hazijulikani kwa kuangalia boksi peke yake. Nunua kwa muuzaji aliyetajwa na chapa yenyewe, hakikisha namba ya toleo kwenye boksi inalingana na ya kwenye chupa, na ukiona punguzo la nusu bei kwa bidhaa mpya, iache. Tafuta pia mchoro wa kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M: ni miezi ya kutumia tangu kufungua. Andika tarehe ya kufungua chini ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Seti za zawadi huwa na faida pale tu kitu kikubwa ndani yake ndicho ulichokuwa unakitafuta. Vingine vyote vihesabu kuwa sifuri, kisha linganisha bei kwa ml.