Exact Audio Copy: programu ya kukopi CD inayokuambia ukweli

Wakuu, hii programu nimekaa nayo zaidi ya mwaka sasa na nimepitisha humo karibu CD zangu zote, kwa hiyo naona naweza kuiongelea bila kubahatisha. Kama una CD zimejaa kabatini na unataka nyimbo ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaanza kurukaruka, soma tu, maana kuna makosa nliyafanya huko nyuma na hayarudishiki tena, sitaki mtu mwingine apite njia hiyo.

Exact Audio Copy, wengi wanaiita EAC, ni ya Windows, ilianza 1998, ameitengeneza jamaa anaitwa Andre Wiethoff, na kwa matumizi yako ya nyumbani ni bure. Sura yake ni ya kizamani kweli, madirisha madogomadogo na seting nyingi, ukiifungua mara ya kwanza unaweza ukaifunga hapohapo. Usiifunge.

Tatizo ambalo hii programu inatatua watu wengi hawajui hata kama lipo. CD ya muziki imetengenezwa ivumilie makosa, yaani data yake imepangwa kwa kutawanywa pamoja na ziada ya kusahihishia, hivo mkwaruzo mdogo hausumbui kabisa, draivu inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mkwaruzo ukizidi kiwango draivu inaanza kukisia, inachukua sauti ya kabla na sauti ya baada inajaza katikati, na sikio mara nyingi halishtuki. Sasa programu za kawaida za kukopi zinapokea hilo kisio kama lilivyo, zinasonga mbele, zinakuambia imeisha, wewe unafurahi, miezi sita baadaye uko na hedifoni usiku umetulia unasikia "tk" katikati ya wimbo unaoupenda, na CD yenyewe ushaigawa.

EAC haifanyi hivo. Kwa seting ninayotumia mimi inasoma kila kipande si chini ya mara mbili na kulinganisha, majibu yakipishana inarudia tena na tena, inaweza kufika mara 82 kwa kipande kimoja kabla haijakata tamaa, halafu mwishoni inakupa ripoti imeandikwa: wimbo fulani safi, wimbo fulani una mashaka dakika fulani sekunde fulani. Na juu ya hapo kuna AccurateRip, inachukua alama ya hesabu ya faili lako na kulinganisha na za watu wengine waliokopi CD hiyohiyo kwa draivu zao. Zikilingana basi huna la kuuliza, maana draivu tofauti haziwezi kukosea sawasawa namna ile. Mimi hiki ndo kitu kilichonifanya niipende, programu inayokuambia pale iliposhindwa.

Mfano. Kuna CD moja wimbo wa 7 ulikuwa unagoma dakika ya 2 na sekunde 15, EAC imepunguza spidi, taa nyekundu zinajipanga kwenye kioo, nusu saa nzima iko palepale. Nkaitoa nkaiinamisha chini ya taa. Mikwaruzo mikubwa miwili iliyokatiza kutoka katikati kwenda pembeni, ile ya kutisha macho, haikuwa na neno. Shida ilikuwa alama moja nyembamba kama unywele, imepinda kufuata mduara, na juu yake utando wa mafuta ya kidole. Hapo ndo nlielewa kwanini wanasema usifute CD kwa kuzungusha. Data iko kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia ndani kwenda nje, mstari huo ukiunyoosha unazidi kilomita 5, sasa mkwaruzo unaokatiza unagusa kila mzunguko kidogo tu na marekebisho yanatosha, ila mkwaruzo unaofuata mduara unakula data mfululizo na hapo ziada ya kusahihishia haitoshi. Na mimi miaka yote nlikuwa nafuta kwa kuzungusha kama sahani!

Nliiosha. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni laini ya maji, ncha ya kidole, kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni moja kwa moja, nkasuuza vizuri, nkakausha kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi kwa mwendo uleule wa katikati kwenda nje. Nkarudisha kwenye draivu. Wimbo wa 7 ukapita bila hata taa moja na AccurateRip ikakubali. Mafuta tu yale, wakuu.

Kwa hiyo kabla hujasema CD imekufa, ioshe. Tishu usitumie, ni ngumu kuliko zinavyoonekana, na shati lina vumbi ambalo ni kama msasa mdogo. Asetoni na tina weka mbali kabisa, zinaharibu plastiki.

Na vile vimashine vya kusugua CD vyenye gurudumu, nlinunua kimoja, jina siliweki hapa, nkakitumia kwenye diski iliyokuwa na nyimbo tatu mbovu. Ikatoka imefifia uso mzima, michirizi midogo kama miale ya jua kila mahali, nyimbo mbovu zikawa nane. Kusugua kwa mashine nzuri kwa mkono wa anayejua kunasaidia kweli mikwaruzo ya upande wa kung'aa, maana pale kuna plastiki ya unene wa karibu milimita 1.2 na unaweza kupunguza kidogo. Ila kimashine cha haraka usikipe diski ambayo huwezi kuipata tena.

Upande ambao watu hawauogopi ndo wa kuogopa, upande wenye maandishi. Data haiko upande wa kung'aa kama tunavyodhani, iko juu kabisa, chini ya chapa, pale kuna tabaka jembamba la alumini limefunikwa na vanishi tu. Ukikwaruza pale au ukiandika kwa peni ya ncha ngumu au ukabandua stika, unaondoka na alumini yenyewe na hakuna EAC wala fundi atakayeirudisha. Inyanyue CD yako uelekeze kwenye taa, ukiona vitundu vya mwanga vinapenya kama nyota hizo ni sehemu zilizokwisha. Mimi niliyo nayo hivo ni moja, nimeokoa nyimbo 9 kati ya 12.

Kushika ni ukingoni na tundu. Kutoa kwenye kasha bonyeza kile kitufe cha katikati kwanza, usiivute kwa ukingo ikapinda. Kuhifadhi ni ndani ya kasha, imesimama, mbali na jua, na zile za kuchoma nyumbani (CD-R) ndo usizianike kabisa maana zinashika data kwa rangi ya kikemikali ambayo mwanga na joto vinaiua, kwa hiyo kama una rekodi za familia humo anza na hizo.

Sasa upande wa mafaili, hapa ndo nina uchungu napo.

Kwenye CD sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, mara mbili kwa ajili ya kushoto na kulia. Ukizidisha inakuja karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama megabaiti 10 kila dakika. Ukikopi vilevile unapata WAV, kubwa, na mambo ya jina la wimbo na msanii humo yanasumbua. FLAC, iliyotoka 2001, inabana hiyohiyo data ikawa kama nusu hivi au zaidi kidogo na haipotezi chochote, ukiifungua kila biti imerudi mahali pake, ni kama kukunja nguo vizuri ndani ya begi, nguo ni zilezile. Kuna na ALAC ya Apple, kazi ni ileile.

MP3 ni habari nyingine. Hiyo haikunji, inapunguza nguo. Imejengwa juu ya kitu cha kweli kuhusu sikio, kwamba sauti kubwa inaifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, ngoma ikipigwa kwa nguvu kuna vitu vidogo wakati huohuo huvisikii hata viwepo, basi MP3 inavitupa au inavihifadhi kwa ukali kidogo. Akili kubwa kwakweli, siibezi. Kwa kilobiti 128 unabaki na kama megabaiti 1 kwa dakika, sehemu moja ya kumi na moja ya ile ya CD. Ila kilichotupwa kimetupwa.

Mimi zamani nlikopi CD zangu zote kwa 128 kwa sababu diski ya kompyuta ilikuwa ndogo, halafu nkagawa nyingi. Baadaye nimepata spika nzuri nkaanza kusikia matoazi yanachakaa, yale "tsss" yakawa kama mtu anafikicha mfuko wa nailoni, na makofi ya watu kwenye rekodi za jukwaani yakawa kama maji yanachemka. Nkafanya kosa la pili, nkayabadilisha yote kwenda 320 nkidhani ubora utapanda. Haupandi. Faili linakua kubwa, kilichopotea hakirudi, na kwa kuwa umebana tena juu ya kilichobanwa unapoteza kidogo tena. Hata ukiibadilisha MP3 kuwa FLAC unapata MP3 ileile iliyovaa koti kubwa. Zile CD nlizogawa nyingine sijazipata mpaka leo.

Kwa hiyo sa hivi nafanya hivi, EAC inakopi kwenda FLAC, hiyo inakaa kwenye diski ya nje na kopi yake kwenye diski nyingine, na kutoka kwenye FLAC natengeneza za simu. Za simu sina masharti makali, MP3 ya LAME (programu ya kutengenezea MP3) kwa kilobiti 256 kwenda juu mimi kwa hedifoni zangu sitofautishi na CD, nimejipima bila kuangalia ipi ni ipi nkashindwa. AAC na Opus, aina nyingine za kubana kama MP3, zinafanya vizuri zaidi ukitaka faili dogo, Opus hasa, 128 yake siyo kama 128 ya MP3, ila hakikisha redio ya gari au mashine yako inaisoma, MP3 inasomwa kila mahali.

Ubaya wa EAC nao niuseme. Seting za mwanzo zinachosha, itakuuliza mambo ya draivu yako, ina kashe (kumbukumbu ya muda) au haina, inaanza kusoma mapema au imechelewa kwa vipimo vingapi, hapo tulia ufuate yale madirisha ya maelekezo ya kuanzia usiyarukie. LAME nlidaunlodi pembeni nkaielekeza mwenyewe. Majina ya nyimbo inayavuta kwenye intaneti na mara nyingine yanakuja na makosa ya herufi, kagua kabla hujasevu. Na diski mbovu inaweza kula masaa, draivu inapata moto, mimi naipumzisha kati ya diski na diski. Mwenye Mac atumie XLD, nayo ina AccurateRip, mwenye Linux kuna whipper.

Kwangu inapata 9 kwa 10, ile moja nimeikata kwa ajili ya siku ya kwanza ya seting. Kitu cha mwisho, jaribu draivu zaidi ya moja, ile diski yenye vitundu kwenye laptopu ilitoa nyimbo 6 tu, nlipoiweka kwenye draivu ya zamani ya kompyuta ya mezani ndo zikafika hizo 9, na wimbo wa 10 bado unasoma nkiandika hapa.