Geji ya mafuta ya pikipiki: ipi uiamini ukinunua Mtwara au Lindi

Ukizunguka Shangani na Mikindani tu, geji mbovu haikusumbui sana, sheli ziko karibu. Shika njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, zaidi ya kilomita 200, ndipo utajua dashibodi ina kazi gani. Mimi napanga pikipiki kwa swali moja: nikiwa porini, nani ataniambia ukweli kuhusu mafuta?

Namba moja ni pikipiki ya kabureta yenye geji ya mafuta ya mshale, kihesabu kilomita kinachofanya kazi, na koki yenye rizavu. Koki ndiyo ninayoiheshimu kuliko vyote. Haitaki umeme. Ikiwa kwenye ON, mafuta huingia kwa mrija mrefu ndani ya tangi. Yakishuka chini ya mdomo wake injini inaanza kukohoa, unageuza RES, unaendelea huku ukitafuta petroli. Lakini madereva wengi huiacha RES siku zote, na hapo hawana akiba yoyote. Ukinunua ya mkononi, angalia koki imekaa wapi.

Mshale wenyewe ni mshauri tu. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa chuma. Linapanda na kushuka na mafuta, na umeme unaofika kwenye geji unabadilika. Ukipanda kwenda Newala mafuta yanahama ndani ya tangi na mshale unacheza. Hata ukiegemeza kwenye stendi ya pembeni, usomaji hubadilika. Isome kwenye tambarare, chombo kikiwa wima.

Namba mbili, mchanganyiko wa mshale wa spidi na kioo kidogo cha digitali. Nzuri, hasa ikiwa na kihesabu cha safari unachoweza kurudisha sifuri kila unapojaza tangi. Ukishajua chombo chako kinakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, hesabu hiyo inashinda geji yoyote.

Digitali tupu naiweka ya tatu. Inapendeza, ila ikizima inazima na spidi, kilomita na mafuta kwa pamoja, na mara nyingi unalazimika kubadilisha dashibodi nzima. Hewa ya chumvi ya pwani nayo hula soketi za nyaya. Kabla ya kulipa, itoe juani saa sita mchana uone kama namba zinasomeka. Zile zinazotumia pampu ya mafuta na injekta badala ya kabureta nyingi hazina koki ya rizavu, kwa hiyo geji yake lazima iwe nzima: pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli ileile, na kuikausha mara kwa mara ni kuiua.

Ya mwisho kabisa ni ya mkononi yenye kebo ya spidi iliyokatika. Usiamini kilomita zake hata kidogo. Tazama mipira ya mikono na pedali ya gia zilivyolika. Kama kebo inatoka gurudumu la mbele, mwombe muuzaji alinyanyue, lizungushe kwa mkono, mshale wa spidi lazima utikisike. Kisha washa swichi, fungua mfuniko wa tangi, linganisha unachokiona ndani na geji inavyosema. Ongeza lita moja palepale. Geji isiposogea kabisa, mwambie fundi afungue boya kabla hamjakubaliana bei.