Siku nne baharini, Mikindani hadi Kilwa: uzoefu wangu na boti ya kukodi

Baba alikuwa baharia wa jahazi enzi za ujana wake, akipakia chumvi na boriti kati ya Mikindani na Kilwa. Septemba iliyopita nilimchukua yeye, mke wangu na mdogo wangu, tukakodi boti ya faiba yenye mashine mbili pamoja na nahodha na msaidizi wake. Siku nne, usiku tatu, shilingi milioni 3.8, chakula humo humo.

Mimi nilitaka Desemba, watoto wakiwa likizo. Nahodha alikataa. "Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshashika. Tutapanda nayo usoni mpaka Kilwa, mzee atachoka. Njooni Septemba, kusi, upepo wa kutoka kusini, itusukume." Baba alipomsikia aliniambia, huyu mpe pesa yako.

Na kweli, kila siku tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, bahari ikiwa imelala, tukawa tumefika kabla upepo haujachachamaa kwenye saa tano. Siku ya kwanza ilikuwa Mikindani hadi Lindi, tukalala nyumba ya wageni. Ya pili tuliingia ghuba ya Kiswere, tukalala botini chini ya turubai. Njiani siku hiyo tuliona nyangumi na mtoto wake. Majira hayo hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa huku kwenye maji ya joto. Nahodha alizima mashine, tukakaa kimya karibu nusu saa. Sikuwahi kumwona mke wangu amenyamaza muda mrefu hivyo kwa furaha.

Lakini siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulifika Kilwa Masoko mapema, tukachukua kibali cha magofu, na mdogo wangu akataka twende kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya mji wa kale, papo hapo. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yaani yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Nahodha akasema tukienda sasa tutashukia kwenye tope la mikoko, na mzee hawezi. Tukala wali na pweza wa nazi, tukalala kidogo, tukaondoka saa nane mchana. Kihori, mtumbwi mdogo, kilipenya katikati ya mikoko, baba akashuka maji yakimfika kifundoni tu. Alitembea nyumba hadi nyumba akipapasa kuta za mawe ya matumbawe, akanionyesha milango na misikiti kama anayerudi mtaani kwao. Ujana wake wote alipita mbele ya kisiwa hiki, hakuwahi kushuka.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, ngome iitwayo Gereza, na jumba la kifalme la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akausifu. Pangeni nusu siku nzima hapo, sisi tulikimbizwa na basi la kurudi, ambalo mnalipandia Nangurukuru.

Yasiyoniridhisha. Jaketi okozi mbili zilikuwa na vifungo vibovu, nikagundua tukiwa tayari nje ya Mikindani. Hilo halina udhuru, kila mtu avae na kufunga ya kwake boti ikiwa bado bandarini. Choo ni kidogo, na mzee alihitaji kushikwa mkono. Kubwa zaidi, tulipofika mwisho mwenye boti alipiga simu kudai 900,000 za mafuta ya boti kurudi tupu, tena ikirudi inapingana na kusi, kwa hiyo inakunywa zaidi. Hoja yake naielewa, ila hakuisema tulipopatana. Tulivutana, nikalipa nusu.

Hata hivyo naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa mwenye wazazi wa pwani. Ombeni nahodha mtu mzima anayesoma maji, na tarehe mwachieni yeye. Mwaka huu mama naye ameomba nafasi. Nimeshatoa amana, na mafuta ya kurudi yameandikwa kwenye risiti.