1HZ, GD au Canter: uzoefu wangu wa injini za dizeli kwenye milima ya Bukavu

Kazi yangu ni kupandisha mchele kutoka bonde la Ruzizi hadi masoko ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kupeleka saruji, chumvi na sabuni upande wa Mwenga na Kamituga. Katika kazi hiyo nimetumia magari matatu ya dizeli kwa muda wa kutosha kuyafahamu: Land Cruiser HZJ79 yenye injini ya 1HZ, Hilux yenye injini ya 1GD ya lita 2.8, na lori dogo la Mitsubishi Canter lenye injini ya 4D33. Wafanyabiashara wenzangu huniuliza lipi linafaa, na wengi huwa wamekwisha kujijibu kwamba hakuna injini kama 1HZ. Ninaiheshimu injini hiyo, lakini sifa zake zimezidishwa, na sababu kubwa ni kwamba wanaoisifu hawajawahi kuilinganisha na nyingine kwenye mlima wa Ngomo ikiwa imebeba mzigo kamili.

Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Injini ya dizeli isiyo na turbo (feni ya kuisukumia hewa) huvuta hewa kama inavyoikuta, kwa hiyo hapa kwetu inafanya kazi ikiwa imepungukiwa pumzi tangu asubuhi inapowashwa. 1HZ ni ya aina hiyo. Ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, lakini nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 285 tu, tena kwa vipimo vya mahali pa chini. 1GD ina silinda nne na ujazo wa 2,755, ila turbo yake inaisukumia hewa, na ikiwa na gia za mkono inatoa nyutoni-mita 420. Tofauti hiyo inaonekana wazi mtu anapotoka Kamanyola akielekea Nyangezi kupitia Ngomo na magunia ya mchele nyuma: Land Cruiser inapanda kwa gia ya pili, inanguruma na kuacha moshi mweusi kwenye kila kona, wakati Hilux inashika gia ya tatu na bado inabakiza nguvu ya kulipita lori lililo mbele.

Moshi huo mweusi unastahili maelezo, kwa sababu umeharibu injini nyingi mjini hapa. Pampu ya mazuti, yaani dizeli, iliyopangwa kwa hewa ya mahali pa chini inaendelea kutoa mazuti kwa kipimo kile kile hata hewa inapopungua, na mazuti yanayokosa hewa ya kuyaunguza hutoka yakiwa masizi. Mwenye gari akilalamika kwamba gari halina nguvu, wapo mafundi wanaokimbilia kufungua skrubu ya pampu ili mazuti yaongezeke. Kwa siku chache dereva anahisi gari limechangamka. Kinachotokea ndani ni kwamba joto la moshi linapanda, injini inachemka mlimani, na mwisho wake ni gasketi kuungua au kichwa cha injini kupasuka. Fundi wangu, mzee mmoja wa mtaa wa Kadutu, alifanya kinyume: alipunguza mazuti kidogo, akasafisha njia ya hewa na kubadilisha chujio lake. Gari halikupata nguvu mpya, lakini moshi ulipungua na mazuti nikaona yanakaa zaidi.

Kuhusu ulaji wa mazuti, 1HZ ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mazuti hayanyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Yanaanza kuwaka katika chumba kidogo kilichomo ndani ya kichwa cha injini, na sehemu ya joto inapotelea kwenye kuta za chumba hicho kabla ya kufanya kazi yoyote. Muundo huo unaipa injini utulivu na uvumilivu, na tangu ilipotoka mwaka 1990 uvumilivu ndio uliouza jina lake, ila unalipiwa kwenye kituo cha mafuta kila wiki.

Njia ya Kamituga, hata hivyo, ina hoja zake. Ukishaiacha Walungu nyuma, tope la msimu wa mvua linaweza kukuzuia njiani hadi usiku, na mazuti unayoongeza ni ya vidumu vya akina kadhafi, wauza mafuta wa kando ya barabara, ambavyo hakuna ajuaye jana vilibeba nini. Huko 1HZ ndiyo ninayoiamini. Nozeli zake, yaani midomo inayonyunyizia mazuti, hufunguka kwa msukumo wa yapata baa 150 tu (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo zinavumilia uchafu ambao ungeiua injini ya kisasa. Chujio likiziba, dereva analibadilisha mwenyewe kando ya barabara, kisha anaminya kwa kiganja pampu ndogo iliyo juu ya kikombe cha chujio, mara ya kwanza ikiwa laini, halafu inazidi kukaza hadi inagoma kushuka. Hapo hewa imekwisha toka, na injini inawaka. Hata betri ikiisha, gari linasukumwa na kuwaka, ilimradi umeme kidogo tu unaifikia vali inayofungua mazuti.

1GD haina msamaha wa namna hiyo. Msukumo ndani ya reli yake ya mazuti, bomba linalozigawia nozeli zote, hupita baa 2,000 injini inapofanya kazi kwa nguvu, na matundu ya nozeli ni madogo mno kiasi kwamba maji au vumbi laini huyala kwa muda mfupi. Ilinitokea baada ya kujaza mahali ambapo sitapataja: injini ilianza kugonga, taa ya hitilafu ikawaka, na mashine ya kusoma hitilafu ikaonyesha kwamba nozeli mbili zimeharibika. Bei ya nozeli hizo ingetosha kuifanyia 1HZ ukarabati mzuri wa pampu. Tangu hapo nimefunga chujio la ziada la kutenganisha maji, na kila Jumatatu dereva analegeza skrubu ya chini yake akikinga kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Chupa ikitulia, maji yanakaa chini na mazuti yanaelea juu yake, na mstari kati yao unaonekana bila shida. Wiki ambayo mstari huo unapanda, tunabadilisha kituo cha kununulia. Vifaa vya umeme vya gari hilo, ambavyo kila mtu aliniogopesha navyo, havijanisumbua.

Canter ni hesabu nyingine, kwa kuwa imeundwa kubeba. 4D33 ina ujazo wa 4,214 na haina turbo, lakini mazuti yananyunyiziwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo kwa kila gunia linalobebwa hakuna gari kati ya haya matatu linalotumia mazuti kidogo kuliko hilo. Kamshafti yake, mhimili unaofungua vali, inazungushwa na meno ya chuma, hakuna mkanda wa kukatika. Ninachokipenda zaidi ni breki ya moshi. Injini ya dizeli haizibi njia ya hewa kama ya petroli, hivyo peke yake haizuii gari vya kutosha kwenye mteremko. Vali inayofunga bomba la moshi huilazimisha injini ishindane na moshi wake yenyewe, na lori linashuka Ngomo bila breki za magurudumu kunuka. Anayenunua Canter iliyotumika akague kwanza kama vali hiyo bado inafunga, maana wengi huikuta imeshikwa na masizi na wala hawajui kazi yake.

Land Cruiser ya V8 ya lita 4.5 nimeiendesha kwa kuazima tu. Inapanda mlima kama tambarare, lakini starta yake imefichwa katikati ya V, chini ya mabomba ya hewa, na kuibadilisha ni kazi ya siku nzima. Pikapu zinazotoka Ulaya zikiwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi simshauri mtu yeyote wa hapa azinunue, kwa kuwa chujio hilo linataka mazuti yenye salfa kidogo sana na safari ndefu za mwendo wa kasi, na humu Bukavu, kati ya mitaa ya Panzi na Nyawera, hutapata hata kimoja cha hivyo viwili.

Kwa hali ilivyo sasa, Hilux inafanya njia ya Uvira, ile ya bonde la Ruzizi, Canter inaifuata na mzigo mkubwa, na Land Cruiser imebaki kuwa ya Kamituga. Tangu mwaka 2023 Toyota imeanza kuiweka 1GD ndani ya Land Cruiser 70 pia. Siku nitakapohitaji gari jingine la njia ya tope, bado nitatafuta yenye 1HZ, na kabla ya kutoa pesa nitadai mkanda wa kamshafti ubadilishwe mbele ya macho yangu, hata muuzaji akiapa kwamba kilomita 100,000 hazijafika.